Mtazamo wa Halvorst, Rasimu ya Nne

1.

RASIMU YA KWANZA. Jumatatu, saa tano asubuhi.

Kuanguka kwa masoko ya Asia kumezua hofu juu ya kampuni zinazouza mitambo ya kutengenezea chipu. Kwa maoni yetu hofu hiyo imepita kiasi. Mahitaji ya muda mrefu yangali imara, na Halvorst, yenye wateja katika nchi saba za Asia, ipo katika nafasi nzuri ya

2.

ya nini?

Hapo nilikwama, vidole juu ya kibodi, chai imeshafanya utando.

Naitwa Wakesho Mwadime. Ni mchambuzi wa hisa katika kampuni ya uwekezaji, ghorofa ya saba, Upper Hill, Nairobi. Kazi yangu ni kutazama kampuni nilizopewa na kusema zinakoelekea. Mwisho wa kila ripoti huandika neno moja kati ya matatu: Nunua, Shikilia, Uza. Watu hulisoma neno hilo kwanza, na wengi husoma hilo tu.

Halvorst ni kampuni ya Ulaya. Haitengenezi chipu zinazoendesha simu zetu na magari yetu. Inatengeneza mitambo ambayo viwanda vya chipu hununua, na viwanda vingi vya aina hiyo viko Asia. Habari ikianzia Asia, Halvorst huwa miongoni mwa wa kwanza kuguswa.

Siku ile masoko ya Asia yalikuwa yameanguka kabla hatujaamka. Wengine walisema ni ushuru mpya. Wengine walisema viwanda vimejengwa vingi kupita kiasi na sasa wenyewe wanaahirisha kununua mitambo. Wengine walisema si kitu, ni upepo tu. Saa nne soko la Ulaya lilipofunguliwa, Halvorst ikashuka asilimia kumi na moja.

3.

Yaliyosikika kwenye lifti, siku hiyohiyo:

– Ni ushuru huo.

– Si ushuru. Ushuru tuliujua tangu mwezi jana.

– Mimi ningenunua leo.

– Na jana ungenunua.

– Ndiyo. Na jana pia.

4.

KWA: W. Mwadime
KUTOKA: Nyaribo, Mkuu wa Utafiti
KUHUSU: Halvorst

Alhamisi tunakutana na wadhamini wa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa mashamba ya katani. Kama ujuavyo, mfuko huo una hisa nyingi za Halvorst kuliko za kampuni nyingine yoyote ya nje. Wamepata wasiwasi, na wana haki.

Nahitaji mtazamo wako kabla ya Jumatano jioni. Kurasa mbili. Neno moja mwishoni.

Wadhamini hawa si watu wa soko. Tafadhali usitumie "hata hivyo", "kwa upande mwingine" wala "huenda".

5.

Mimi ni Maghanga. Ni mdogo wake Wakesho, kitinda mimba kwetu. Niko Penang, Malaysia, mwaka wa pili huu. Nafunga mitambo ya Halvorst kwenye viwanda vya wateja: naitoa kwenye masanduku, naisimamisha, naipima mpaka ikae sawa kwa kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona. Barua ya kuomba kazi hii niliandikishwa na dada yangu. Alinirudisha mara tano.

Kila Jumatatu hunipigia. Kwake huwa saa saba mchana, kwangu saa kumi na mbili jioni, nimeshatoka kazini. Siku hiyo aliuliza kama nakula, nikamwambia nakula. Akauliza kuhusu kifua, nikamwambia kimepona. Akauliza kazi inaendaje.

Naomba mnielewe. Hilo ni swali la kawaida. Hata muuza mihogo wa njiani huulizwa. Nikamjibu kama ndugu anavyomjibu ndugu. Nikamwambia kwamba kwa wiki tatu sijashika spana. Kwamba ghalani kuna masanduku kumi na tisa, marefu kuliko mlango wa nyumba yetu ya Wundanyi, na hakuna anayetuambia tuyafungue. Kila asubuhi tunayapangusa vumbi. Msimamizi akiulizwa anasema subirini. Baadhi ya mafundi wanasema mteja ameikataa mitambo. Baadhi wanasema mteja hajamaliza kumwaga sakafu ya kiwanda, akimaliza tutafanya kazi hadi tuchoke. Mimi sijui.

Nikaitazama simu. Nikadhani mtandao umekatika.

"Dada? Upo?"

6.

Nilikuwepo.

Kuna jambo Maghanga hakulijua. Alijua nafanya kazi ya hisa. Hakujua kwamba tangu Januari, mwenzangu mmoja alipohama, Halvorst nimepewa mimi.

Ningemwambia. Na ofisini ningesema. Nilijiwekea Ijumaa moja kuwa ndiyo siku ya kusema, Ijumaa ikapita, nikajiwekea nyingine. Niliona ni jambo dogo. Mdogo wangu ni fundi, si mkurugenzi. Angejua nini?

Masanduku kumi na tisa.

7.

FOMU YA KUTANGAZA UHUSIANO (nakala kutoka kwenye faili)

Je, una ndugu, mwenzi au rafiki wa karibu anayefanya kazi katika kampuni unayoichambua?
*Hapana.*

Sahihi: *W. Mwadime.* Tarehe: miaka mitatu iliyopita.

Fomu hii ijazwe upya mara tu hali inapobadilika.

8.

Wewe unayesoma, kaa kidogo hapa nilipo.

Sheria ya soko ni nyepesi kuieleza. Ukijua jambo kuhusu kampuni, na jambo hilo watu wote hawajatangaziwa, huruhusiwi kununua wala kuuza kwa kulitegemea, wala kumshauri mwingine. Sasa tazama. Nikiandika Uza, wazee wa katani watatoka kabla ya watu wengine kujua, na mimi nitakuwa nimevunja sheria kwa siri ya mdogo wangu, ambaye siku ya kuajiriwa alitia sahihi kwamba ya ghalani yatabaki ghalani. Nikiandika Shikilia, nitakuwa nimewashika mikono wazee huku nikijua nijualo.

Lakini najua nini? Hapo ndipo kichwa kinapozunguka. Masanduku yasiyofunguliwa ni mitambo iliyokataliwa, au ni mitambo inayosubiri sakafu ikauke. Ya kwanza ni msiba, ya pili ni neema. Kwa nje sanduku ni lilelile.

Jumanne Halvorst wenyewe walitoa taarifa kwa wawekezaji:

*Oda zilizo mkononi zinaendelea kuridhisha. Ratiba ya ufungaji katika baadhi ya maeneo inaweza kubadilika kulingana na utayari wa wateja.*

Niliisoma mara tisa. Utayari wa wateja. Inaweza. Baadhi.

9.

RASIMU YA PILI. Jumanne, saa nne asubuhi.

Uza.

(Nikaifuta. Nyaribo angeuliza sababu, na sababu yangu ilikuwa huko Penang, imeshika tambara la vumbi.)

RASIMU YA TATU. Jumanne, saa tisa alasiri.

Shikilia.

(Kila kilichokuwemo kilikuwa kweli, na chote kilikuwa kimeshatangazwa. Hata mwanasheria asingepata pa kushika. Nyaribo aliipitia amesimama, akasema ni nzuri ila neno la mwisho ni la mtu mwenye hofu, akaniomba nilifikirie tena hadi kesho. Nilimwangalia akiondoka na nikatamani angeuliza swali moja zaidi, lolote.)

10.

Mimi ni Kubo Tsuma. Nilifanya kazi kwenye shamba la katani miaka thelathini na mmoja, ishirini kati ya hiyo kwenye korona, ule mtambo unaokwangua majani ya katani hadi zibaki nyuzi. Sasa nimestaafu, na wenzangu wamenichagua niwe mdhamini wa mfuko wao. Mkutano ulikuwa Alhamisi. Mimi nilifika Nairobi Jumatano, nikaenda ofisini kwa washauri wetu wa uwekezaji kuomba makaratasi mapema, kwa kuwa nasoma polepole na sipendi kusoma nikitazamwa.

Nikapelekwa kwa yule binti wa Kitaita, Wakesho. Alikuwa na macho mekundu kama mtu aliyekata vitunguu. Aliniambia makaratasi hayajawa tayari. Nikamwomba basi anieleze kwa mdomo hawa Halvorst wanauza nini, maana kwenye mfuko wetu nimeliona jina lao miaka mingi na sijawahi kuelewa. Akanieleza vizuri. Wanauza mitambo, na mitambo hiyo ndiyo inayotengeneza vile vidude vya ndani ya simu.

Nikasema, kumbe ni kama korona. Akatabasamu kidogo. Nikamhadithia.

Mwaka mmoja iliingia korona mpya kutoka ng'ambo, ndani ya masanduku. Ikawekwa nyuma ya stoo, na hapo ikakaa miezi minane. Wakubwa walisema msingi wa zege bado. Sisi tukagawanyika. Kuna waliosema shamba limeisha, mtambo utauzwa. Rafiki yangu Ngala aliamini hivyo, akaacha kazi, akaenda kulima kwao. Mimi nikabaki. Mwezi wa tisa masanduku yakafunguliwa, tukafanya kazi ya kupumulia mdomoni, nikamcheka Ngala. Baada ya miaka miwili bei ya katani ikafa, shamba likafunga, tukatoka mikono mitupu. Ngala alikuwa na minazi yake inazaa.

Sasa ni nani aliyepatia? Nilimuuliza binti swali hilo, kwa sababu mimi mwenyewe hadi leo sijalijibu. Alinyanyuka, akaniomba radhi, akasema kuna mtu anayepaswa kwenda kumwona.

11.

Ofisi ya Bi. Talaso Boru haina dirisha. Yeye ndiye anayehakikisha kwamba wafanyakazi hawavunji sheria ya soko. Wengi wao humpita koridoni kwa haraka, kama mtu apitavyo mbele ya kituo cha polisi hata kama hana kosa. Mlango ulikuwa wazi. Wakesho aliingia, akaufunga, na kabla hajakaa alianza kusema kwamba siku ya Jumatatu, kwenye simu, alisikia

"Usiniambie ulichosikia," Bi. Talaso alimkatiza. "Nikikijua tutakuwa wawili. Niambie umekisikia kwa nani."

Akamsogezea fomu. Wakesho akaitazama. Mstari wa jina ulikuwa na nukta nukta kutoka ukingo hadi ukingo.

Akaeleza kwamba ni mdogo wake. Kwamba kibali chake cha kukaa kule kimefungwa kwenye ajira hiyo. Kazi ikiisha, kibali kimeisha. Kwamba hakutaka kuvujisha chochote, aliulizwa hali na dada yake akajibu.

"Nikiandika jina, kazi yake itasalimika?"

"Sijui. Fomu hii inakaa kwetu, lakini mdhibiti wa soko akiiomba nitampa. Na wao kule wakiulizwa, sijui watafanya nini."

"Na nisipoandika?"

"Basi hukuja hapa," Bi. Talaso alisema, bila ukali. "Utarudi kwenye meza yako na utaandika lile neno lako moja. Chagua."

12.

Nilichukua kalamu yake. Yangu nilikuwa nimeiacha mezani kwangu.

Niliandika.

13.

[Sehemu hii imeondolewa kwa maelekezo ya Ofisi ya Uzingatiaji wa Sheria.]

14.

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE

Kuanzia saa kumi jioni ya leo, Jumatano, hisa za Halvorst zimewekwa kwenye orodha ya zuio. Hakuna mfanyakazi atakayezinunua, kuziuza, kuzitolea ushauri au kuzijadili, kwa ajili yake mwenyewe au kwa ajili ya mteja yeyote. Zuio litaendelea hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Sababu haitatolewa.

15.

Hadi nilipolisoma tangazo hilo sikuwa nimeelewa nilichokifanya.

Nilidhani nikisema kweli mimi nitatolewa kando, mwenzangu mwingine ataichambua Halvorst kwa macho safi, na wazee watashauriwa vizuri. Haikuwa hivyo. Siri niliyoingia nayo iliichafua kampuni yetu nzima. Sasa hata kama Halvorst ingeporomoka mbele ya macho yetu, mfuko wa katani usingeweza kuuza hisa hata moja kupitia kwetu.

Ukweli wangu ndio uliowafunga.

Nyaribo alikuja mezani kwangu na lile tangazo mkononi. Hakuuliza, maana tangazo lilikataza. Alisema tu kwamba angependa ningekuja kwake tangu Januari, nilipopewa Halvorst. Nikamwambia hata mimi ningependa.

16.

KUMBUKUMBU ZA MKUTANO WA WADHAMINI, Alhamisi (sehemu)

4.1 Bw. Nyaribo aliwafahamisha wadhamini kwamba mtazamo wa Halvorst hautawasilishwa.

4.2 Bw. Kubo aliuliza kama mfuko uuze hisa hizo au usiuze. Bw. Nyaribo alijibu kwamba kwa sasa kampuni haiwezi kusema.

4.3 Bw. Kubo aliuliza kama haiwezi kusema kwa kuwa haijui, au inajua na haiwezi kusema. Bw. Nyaribo alijibu kwamba hilo pia haliwezi kusemwa.

4.4 Bw. Kubo aliuliza kama kisichoweza kusemwa ni kibaya au ni kizuri.

4.5 Bw. Nyaribo aliomba mkutano uendelee na kampuni nyingine.

4.6 Wadhamini waliomba iandikwe kwamba hawakuridhika.

17.

Niliwekwa nje, kwenye kiti cha koridoni, niwepo kama ningehitajika kwa kampuni nyingine. Mlango ulipofunguliwa wadhamini walipita mmojammoja. Mzee Kubo alitoka wa mwisho, akasimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Jana ulikuwa unaandika."

"Ndiyo, mzee."

"Leo huandiki."

Sikuwa na ruhusa ya kusema ndiyo wala hapana. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa kiwi hadi kwenye nyuzi.

"Sitakuuliza," akasema. "Nimewahi kusimamia watu, najua mtu aliyefungwa mdomo anavyokaa. Ila wenzangu wataniuliza mimi, na wana haki. Nitawaambia kwamba nimekuona. Kwamba nilikuona na ulikuwa umeumia. Watakavyolielewa ni juu yao."

Alivaa kofia, akashuka kwa ngazi, akiiacha lifti.

18.

Bei ya Halvorst siku hiyo:

saa nne, ilipanda.
saa sita, ilishuka.
saa saba, mtu fulani alisema kwenye runinga kwamba hofu ya Asia imekwisha.
saa nane, mtu mwingine, runinga ileile, tai ya rangi ileile, alisema hofu ya Asia ndiyo kwanza inaanza.
saa kumi na moja, ilirudi pale ilipoanzia.

Hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa, na niliona aibu kwa jinsi nilivyojisikia mwepesi.

19.

Maelekezo ya Bi. Talaso, nilivyoyaandika kwenye kikaratasi:

Unaweza kumsalimia.
Unaweza kumuuliza afya.
Usizungumze naye habari za kampuni.
Usimwambie kuhusu fomu hadi

Hadi lini, sikuandika. Labda hakusema.

20.

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Nilikuwa kwenye maegesho ya magari chini ya jengo, sijapanda juu bado. Simu ikaita. Maghanga.

Kwake ilikuwa saa saba mchana, na Maghanga hapigi simu wakati wa kazi.

Niliiacha iite. Ikakatika. Ikaita tena.

Nikapokea.

Alinisalimia haraka, nikamwitikia haraka. Akaanza kusema kwamba asubuhi hiyo wameitwa mafundi wote kumi na wawili. Nikamwambia Maghanga, subiri. Hakusubiri. Alisema kuna mkutano saa tisa za kwao, baada ya saa mbili tu, na wameambiwa kila mmoja aje na pasipoti yake. Hawakuambiwa ni ya nini. Kuna fundi aliyeanza kuagana na watu, anasema wanarudishwa makwao. Kuna mwingine aliyekwenda kununua sweta, anasema kuna kiwanda kipya cha mteja kaskazini, kwenye baridi, na wanapelekwa huko kukifungia mitambo.

"Dada, wewe ndiye mtu wa kutazama mambo haya. Unaonaje?"

Gari moja lilikuwa linarudi nyuma karibu nami, likilia pi, pi, pi. Nilisubiri litulie.

Ningeweza kumpa maneno. Nimeishi kwa maneno hayo. Mahitaji ya muda mrefu yangali imara.

"Sijui, Maghanga," nikasema. "Kweli sijui. Na kuna kitu natakiwa nisikuambie, na nitakuambia. Halvorst ninaichambua mimi tangu Januari. Ulichoniambia Jumatatu sikupaswa kukijua. Jumatano niliandika jina lako kwenye fomu, kwamba umeniambia jambo. Ni jambo gani, sikuandika. Jina tu. Sijui kama pasipoti ni kwa sababu ya fomu, au ni kwa sababu ya mengine, au si kwa sababu ya chochote. Lakini niliandika, na hukustahili."

Nyuma yake nilisikia watu wakiongea lugha mbili tatu kwa pamoja, na mlango wa chuma ukifungwa.

"Jina lote?" akauliza.

"Lote."

"Umeliandika sawasawa? Huku wote wanalikosea."

"Nimeliandika sawasawa. Herufi zote."

Akavuta pumzi, ndefu, hadi nikadhani analia, au anacheka. Sikuweza kujua ni lipi, na sikumuuliza. Akasema lazima akatafute pasipoti, hakumbuki kama iko kwenye begi au kwenye droo. Nikamwambia nenda. Akasema usikate, anaitafuta huku simu iko wazi.

Basi nikasimama pale, simu sikioni, nikisikiliza zipu zikifunguliwa, droo ikivutwa, vitu vikisogezwa, na sauti ya mdogo wangu ikisema, kwa mbali, si kwangu hasa:

Haiko hapa.

Haiko hapa.

Ngoja